Mti wenye pazia na siri za wakubwa

Leo naomba tutoke kidogo Afrika Mashariki. Twende Scotland, na safari hii si ya wiski wala ya mpira. Tunakwenda kuangalia mti.

Najua kuna atakayesema, jamani, mambo yote haya yanayotukabili halafu wewe unatuletea habari za mti? Vumilieni kidogo. Mti huu una kesi ya mauaji ya mume wa malkia, una waziri mkuu mmoja wa Uingereza, na ukiufuatilia mpaka mwisho unakutana na ardhi ya Kenya. Haya, twende.

Mti wenyewe upo Whittingehame (wenyeji hutamka kama "Whitinjam"), mashariki ya jiji la Edinburgh, katika eneo la East Lothian. Umesimama karibu na mnara wa kale wa mawe uliokuwa mali ya ukoo wa Douglas. Ni ardhi ya watu binafsi, kwa hiyo si mahali pa kushushwa na basi la watalii, na mimi mwenyewe nimeujua kwa kusoma tu. Ukiutazama kwa mbali unaweza kudhani ni kilima kidogo cha kijani kilichokolea mpaka kikakaribia weusi. Kumbe ni mti mmoja. Matawi yake yametoka kwenye shina yakaenda mbali pande zote, yakaelemewa na uzito, yakashuka mpaka yakagusa udongo. Anayetaka kuingia anainama na kupita kwenye kijia chembamba kati ya matawi, kama anaingia pangoni. Akishafika ndani anasimama wima. Anakuta ukumbi mpana wenye giza, shina katikati, matawi mazito yamepindana juu na kushuka pembeni kama kuta. Aliye nje hamwoni aliye ndani.

Hilo la mwisho naomba mlishike. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza niutambulishe mti. Kwa Kiingereza huitwa yew. Kiswahili hatuna jina lake kwa sababu huku kwetu hauoti wenyewe, kwa hiyo humu nitauita myuu. Wataalamu wa mimea wanauita Taxus baccata (msicheke, hauhusiani na taksi). Ukitaka kupata picha, fikiria mpodo wa milimani kwetu, ule wenye majani membamba ambao mafundi seremala wanaupenda. Wanafanana kwa mbali, ingawa ukoo ni tofauti. Myuu haupukutishi majani wakati wa baridi. Wakati miti mingine Ulaya imebaki mifupa mitupu, wenyewe umevaa kanzu yake ya kijani kama kawaida.

Halafu ni mti wa sumu. Majani ni sumu, gome ni sumu, mbegu ni sumu. Ng'ombe au farasi akila majani yake anaweza kufa kabla mwenye mifugo hajajua kuna tatizo. Kitu pekee kisicho na sumu ni ile nyama nyekundu inayozunguka mbegu, ambayo ndege wanaila na kwenda kudondosha mbegu mbali. Lakini kama ilivyo kwa dawa nyingi, sumu hiyo imegeuzwa tiba. Dawa ya saratani iitwayo paklitaxeli ilipatikana kwenye gome la ndugu yake wa Marekani, lililokusanywa na watafiti mwaka 1962, ikaidhinishwa kutumika Marekani mwaka 1992. Dawa nyingine ya jamii hiyo, dosetaxeli, ilitengenezwa na watafiti wa Ufaransa wakianzia na majani ya huu huu myuu wa Ulaya. Leo dawa hizi zinatumika hospitali za saratani mpaka huku kwetu.

Mbao zake nazo zina historia. Pinde ndefu za askari wa Kiingereza zilichongwa kutokana na myuu, kwa sababu mbao ya nje inavumilia kuvutwa na ya ndani inavumilia kukandamizwa. Meli ya kivita ya Mary Rose ilizama mwaka 1545. Ilipotolewa baharini mwaka 1982 walikuta pinde zaidi ya 130 zikiwa nzima, zote za myuu.

Sasa, huku kutanda kwake kunatokeaje? Nyie mliolima viazi vitamu mnajua marando yanavyofanya. Yakigusa udongo yanaota mizizi hapo hapo, na ukikata katikati kila kipande kinaendelea na maisha yake. Tawi la myuu linafanya vivyo hivyo. Linashuka, linagusa ardhi, linaota mizizi, halafu linainua shina jipya. Mti unatembea hivyo, taratibu, karne baada ya karne. Na ukizeeka unatoboka katikati na kubaki uwazi, ndiyo maana umri wake ni mgumu kujua. Huwezi kuhesabu pete za mbao ambazo zimeshaoza. Uko myuu mwingine maarufu katika uwanja wa kanisa la Fortingall, Scotland hiyo hiyo, ambao mwaka 1769 shina lake lilipimwa likakutwa na mzunguko wa karibu mita 16. Huo unasifika kwa unene. Wa Whittingehame unasifika kwa upana wa kivuli chake, na kwa watu wanaosemekana kukaa ndani ya kivuli hicho.

Tuingie kwenye kesi sasa.

Mwaka 1565 Mary, Malkia wa Scotland, aliolewa na kijana mrembo wa sura aitwaye Henry Stuart, maarufu kama Lord Darnley. Ndoa iliharibika mapema. Darnley alikuwa na wivu, anapenda ulevi, na alitaka kuwa mfalme kamili badala ya mume wa malkia. Tarehe 9 Machi 1566, kundi la waheshimiwa pamoja na Darnley mwenyewe walivamia chumba cha malkia katika kasri la Holyrood, wakamtoa katibu wake, Mwitaliano David Rizzio, na kumchoma visu mpaka akafa. Malkia alikuwa mjamzito wa miezi kama sita. Siku chache baadaye Darnley akageuka. Aliwasaliti wenzake akarudi upande wa mkewe. Washirika wake wakakimbilia Uingereza. Mmoja wao alikuwa James Douglas, Earl wa Morton. Shikeni jina hilo.

Desemba 1566 Morton alisamehewa. Januari 1567 akarudi nyumbani na kufikia kwa ndugu zake wa ukoo wa Douglas. Wapi? Whittingehame. Huko akafuatwa na Earl wa Bothwell, mtu mwenye nguvu kuliko wote karibu na malkia wakati huo. Inaelezwa kwamba alikuwepo pia William Maitland wa Lethington, katibu wa serikali, mtu mwenye akili nyingi kiasi kwamba adui zake walimwogopa zaidi akiwa kimya. Mazungumzo yalikuwa mafupi kwa maana yake: Darnley aondolewe.

Wiki chache tu zilipita. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1567, mida ya saa nane, nyumba aliyolala Darnley pale Kirk o' Field, Edinburgh, ililipuliwa kwa baruti mpaka msingi. Ajabu ni kwamba mwili wake haukukutwa kwenye kifusi. Ulikutwa bustanini nje, akiwa na nguo ya kulalia, mtumishi wake kando, bila alama ya moto. Wengi wanaamini walinyongwa au kuzibwa pumzi walipokuwa wanakimbia. Mchoro wa tukio hilo uliopelekwa kwa William Cecil kule London bado umehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza. Ni kama picha ya mpiga picha wa gazeti: miili, kiti, shoka la fikra unalichonga mwenyewe.

Nini kilifuata? Bothwell alishtakiwa na kuachiwa tarehe 12 Aprili, mji ukiwa umejaa watu wake wenye silaha. Mei 15 akamwoa malkia. Juni malkia akakamatwa, Julai akalazimishwa kuachia kiti kwa mwanawe James, mtoto wa mwaka mmoja na mwezi. Bothwell akatoroka, akafia kifungoni Denmark mwaka 1578. Mary akakimbilia Uingereza mwaka 1568 akidhani binamu yake Elizabeth atamsaidia. Alikaa mikononi mwa Waingereza karibu miaka 19, kisha akakatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587.

Na Morton? Hapa ndipo penye utamu na uchungu wa hadithi hii. Morton alikuwa mstari wa mbele kati ya waheshimiwa waliomwangusha malkia kwa jina la kumlilia Darnley. Juni 1567 ni yeye aliyejitokeza na kasha la fedha lenye barua zilizodaiwa kuandikwa na Mary kwa Bothwell, ushahidi uliotumika kumchafua mpaka leo. Mwaka 1572 akawa mtawala wa nchi kwa niaba ya mfalme mtoto. Yaani mtu aliyeelezwa mpango kabla haujatekelezwa ndiye aliyekuja kukabidhi vielelezo vya kesi, halafu akakalia kiti.

Miaka 14 ilipita. Desemba 31, 1580, akanyooshewa kidole ndani ya baraza, mbele ya mfalme ambaye sasa alikuwa kijana. Tarehe 1 Juni 1581 akahukumiwa, kesho yake akauawa kwa mashine ya kukata vichwa iliyoitwa Maiden, ambayo bado ipo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Scotland. Siku ya kufa, wachungaji walikwenda kuzungumza naye na kuandika maneno yake. Alikiri kwamba alijua. Alisema Bothwell alimwambia pale Whittingehame, kwamba alitaka aone maandishi ya malkia mwenyewe kabla ya kujiingiza, kwamba maandishi hayo hayakuletwa kamwe. Walipomuuliza kwa nini hakutoa taarifa, jibu lake kwa ufupi lilikuwa: ningemwambia nani? Malkia kwa maelezo ya Bothwell ndiye aliyekuwa anataka, na Darnley mwenyewe hakuwa mtu wa kutunza siri.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi kama mwandishi wa habari limenikalia kichwani. Maungamo yale ya Morton yanasema walikuwa wanatembea uani, katika kiwanja cha Whittingehame. Mti hautajwi. Aliyewaingiza chini ya myuu ni masimulizi ya wenyeji, yaliyopokezana mpaka yakaingia vitabuni. Leo ukisoma habari za mti huu, karibu kila mahali utaambiwa njama ilisukwa chini ya matawi yake.

Je, masimulizi yanadanganya? Siendi huko haraka. Kiwanja ni kile kile, mti upo hapo hapo, na ilikuwa Januari, miti mingine haina jani hata moja. Kama wewe ni mtu unayetaka kusema neno la kunyongesha, na mbele yako kuna hema la kijani ambalo watumishi hawawezi kuona ndani, utakwenda wapi? Lakini "inawezekana" haitoshi kuandika "ilitokea". Ninachokiona ni kwamba watu wa kijiji waliuelewa mkutano ule kuliko karani. Walijua kwamba siri kubwa kama ile inahitaji mahali pa kujificha, wakatafuta mahali panapofanana na siri yenyewe. Wakauona mti.

Katika eneo hilo hilo la East Lothian, uko myuu mwingine uliotanda kwa namna ile ile, matawi yameshuka na kuota mizizi. Upo Ormiston. Huo nao una masimulizi yake. Inasemwa kwamba mhubiri George Wishart na mfuasi wake John Knox walihubiri chini yake imani mpya ya Kiprotestanti wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa kucheza na moto, moto wa kweli. Kilichoandikwa ni kwamba Wishart alikamatwa nyumbani Ormiston, majira ya baridi, na aliyemchukua ni Earl wa Bothwell, baba wa yule Bothwell wetu. Tarehe 1 Machi 1546 akachomwa moto hai kule St Andrews.

Kwa hiyo tuna miti miwili, aina moja, wilaya moja. Kivuli kimoja kinakumbukwa kwa kuwaficha wanyonge waliokuwa wanaomba. Kingine kinakumbukwa kwa kuwaficha wakubwa waliokuwa wanapanga kuua. Mti hauchagui. Pazia lake linamfunika yeyote anayeinama kuingia.

Hapa lazima nilinganishe na kwetu. Sisi mti na siasa tunavijua. Mwalimu Nyerere alipokuwa anaeleza demokrasia ya Kiafrika alipenda kutumia ile picha ya wazee waliokaa chini ya mti mkubwa wakizungumza mpaka wakubaliane. Lakini hebu utazame mti wenyewe. Chini ya mwembe au mbuyu, matawi yako juu. Upepo unapita, mbuzi wanapita, mama anayetoka kisimani anaona nani amekaa na nani kasimama kwa hasira. Mtoto anasikia na kwenda kusema nyumbani. Kivuli cha mwembe kina kuta za macho ya watu. (Sisemi kila mtu alipewa nafasi ya kuzungumza pale. Wanawake na vijana wengi walibaki kuangalia tu. Lakini angalau waliona.) Kivuli cha myuu wa Whittingehame kina kuta za majani.

Na tabia hii ya kuamua ndani ya majani haikuishia karne ya 16. Tuufuatilie ule uwanja.

Mwaka 1817 ardhi ya Whittingehame ilinunuliwa na James Balfour, aliyetajirika India kwa kulipatia Jeshi la Majini la Uingereza mahitaji yake. Akajenga jumba jipya, mchoraji akiwa Robert Smirke, yule yule aliyechora British Museum. Mjukuu wake, Arthur James Balfour, alizaliwa hapo mwaka 1848, akakulia hapo, na alipofariki mwaka 1930 alizikwa hapo. Mti ulikuwa wa kwao. Na kijana huyu akawa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia Julai 1902 mpaka Desemba 1905.

Niseme wazi: hakuna anayedai kwamba Balfour alipanga siasa za dunia chini ya matawi yale. Yeye alikuwa na ofisi. Ila angalieni kilichofanyika serikali yake ikiwa madarakani.

Mwishoni mwa 1902 waziri wa makoloni, Joseph Chamberlain, alipita Afrika Mashariki, akapanda treni iliyotoka Mombasa, akaiona nyanda ya juu yenye baridi na majani mazuri. Aprili 1903 Wayahudi wengi waliuawa katika mji wa Kishinev, himaya ya Urusi. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa wanahitaji pa kukimbilia, hilo halina ubishi. Chamberlain akamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni, kwamba ipo ardhi. Tarehe 14 Agosti 1903 Wizara ya Mambo ya Nje ikaandika barua rasmi. Historia inauita mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo mwaka 1902 ilikuwa imehamishwa kutoka upande wa Uganda na kuingizwa katika ile tunayoiita Kenya leo. Ukubwa uliozungumzwa ulikuwa karibu kilomita za mraba 13,000.

Mwezi huo huo wajumbe wa Kizayuni walikutana Basel, Uswisi. Kura 295 zilikubali ipelekwe tume kuangalia, 178 zikakataa. Walowezi wa Kizungu waliokuwa Kenya, Lord Delamere akiwemo, wakapiga kelele kupinga, na kelele zao zikafika London. Tume ya watu 3 ikaja ikaangalia. Mwaka 1905 mkutano mwingine wa Basel ukaukataa mpango. Basi ukafa.

Sasa hesabu nao waliozungumza: waziri London, kiongozi Vienna, wajumbe Basel, walowezi Nairobi. Nani hayupo? Wanandi. Wamaasai. Watu waliokuwa wanalisha ng'ombe wao pale. Katika makaratasi yote ya ukarimu ule, wenye malisho hawakuulizwa kitu. Na si kwamba walikuwa hawana kauli. Wanandi walikuwa wanaupinga utawala wa Waingereza tangu 1895. Tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alikwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika kikao kilichopangwa kuwa cha mazungumzo ya amani. Akapigwa risasi akafa hapo hapo. Miaka 3 baadaye, 1908, makaburu kutoka Afrika Kusini wakaletwa Uasin Gishu na mikokoteni yao. Mji uliokua hapo ni Eldoret, ambao 2024 ulipewa hadhi ya jiji. Swali la nani mwenye ardhi ile halikuzikwa pamoja na mpango wa 1903. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 lilirudi kwa damu, na wengi wetu tunakumbuka.

Tena mwaka ule ule wa 1905, serikali ya Balfour ilipitisha sheria ya kuwazuia wageni kuingia Uingereza, iliyowalenga zaidi Wayahudi maskini kutoka Ulaya Mashariki. Yaani milango ya nyumbani inafungwa, wakati mlango wa nyumba ya jirani wa mbali unatolewa zawadi. Na tarehe 2 Novemba 1917, Balfour akiwa waziri wa mambo ya nje, akatia saini barua ya maneno 67 kuhusu Palestina. Waarabu waliokuwa wengi wa wakazi wa nchi ile hawakutajwa kwa jina. Waliitwa jumuiya zisizo za Kiyahudi. Matokeo mnayasoma kila siku, sina haja ya kuwaongezea.

Ili niutendee haki uwanja ule, nimalizie na jambo moja ambalo halikufanyika kwa siri. Kuanzia 1939, Balfour akiwa ameshafariki, jumba la Whittingehame lilifunguliwa kuwa shule ya kilimo kwa vijana wa Kiyahudi waliokimbia Wanazi, wengi wao wakiwa katika wale watoto karibu 10,000 walioingizwa Uingereza kwa treni na meli bila wazazi. Walijifunza kulima, kukamua, kuishi bila baba na mama. Nafikiria vijana wale wakitembea katika uwanja ule ule, mtu wa miaka 15 akiukuta mti ule na kuinama kuingia ndani. Baada ya kila walichokimbia, pazia la majani linalomficha mtu pengine lilikuwa na maana tofauti kabisa na ile ya Bothwell.

Ndiyo maana siwezi kuuchukia mti huu. Kosa si la kivuli. Binadamu anahitaji mahali pa kujificha: anayesali kinyume na amri ya mfalme, mtoto aliyekimbia vita, hata chanzo cha habari anayetaka kusema ukweli bila kufukuzwa kazi. Tatizo linaanza pale mwenye nguvu anapojificha kule ndani ili aamue maisha ya mtu aliye nje. Mnyonge anajificha ili asiumizwe. Mkubwa anajificha ili asiulizwe.

Na tukumbuke tulivyolijua la Whittingehame. Mti haukusema kitu. Maitland alifariki 1573, Bothwell 1578. Tumelijua kwa sababu mtu mmoja, akiwa na saa chache za kuishi, aliongea, na walikuwepo watu wenye kalamu walioandika. Miaka 14 baadaye, wakati Darnley hawezi tena kusaidiwa na Mary ameshakaa kifungoni zaidi ya miaka 10.

Kwa hiyo siku nyingine mkisikia kwamba jambo linalowahusu limeshazungumzwa na limeshakubaliwa, ulizeni maswali mawili tu ya kizamani. Lilizungumzwa wapi, na nani alikuwa anaandika?

Tuonane wakati mwingine, panapo majaliwa.